Mama Rudia na Mwanafunzi Namba 412

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imeniteua mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, na nitajitahidi kuyasoma kama alivyopenda mambo yake, yaani kwa mpangilio, kwa tarehe kamili na bila kutia chumvi, maana hata sasa sina uhakika kama hanisahihishi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari 1977, na tarehe 3 Oktoba 1981 akahitimu shahada ya kwanza ya elimu, wakati huo akiwa ameshatufundisha sisi wadogo zake wote kwenye meza ya jikoni, kwa ukali ambao masikio yangu bado yanaukumbuka.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mkuu wa bohari ya dawa, wakajaliwa mabinti wawili, mvulana mmoja, na baadaye wajukuu wanne.

Mwaka 1986 alijiunga na chuo kikuu binafsi cha shahada za uzamili kinachofundisha kwa masafa, akasoma kwa bahasha za posta, mkono mmoja ukigeuza kurasa na mwingine ukimbembeleza mtoto, na tarehe 1 Machi 1989 chuo hichohicho kikamwajiri awe msahihishaji. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, chenye makabati ya chuma na hakuna hata dawati moja la mwanafunzi, na kazi zote zilimfikia zikiwa na namba tu, bila majina, ili asipendelewe mtu. Dada alitumia kalamu ya kijani, alieleza kila kosa pembeni, mara nyingine maelezo yakawa marefu kuliko jibu lenyewe, na pasipomridhisha aliandika neno moja, Rudia, ndiyo maana wanafunzi ambao hawajawahi kumwona hata sura walimbandika jina la Mama Rudia, naye akalipokea kwa raha zake zote.

Hapa shemeji aniwie radhi, kwa sababu nikikiruka kisa hiki nitakuwa nimesoma maisha ya mtu mwingine. Januari 2004 shemeji alitaka kumshangaza mkewe, akajisajili kimyakimya katika chuo hicho, akawa anapeleka kazi zake kwa mpiga chapa ili mwandiko usijulikane, akapewa namba 412, na kwa bahati yake mbaya namba hiyo ikaangukia meza ya dada. Alifelishwa mara mbili. Kwa zaidi ya mwaka dada alikuwa akirudi nyumbani na kulalamika wakati wa kula kwamba kuna mtu anaitwa 412, anaandika kama anakimbizwa, kila hoja anaianza na hakuna anayoimaliza, na shemeji, masikini wa watu, alisukuma tonge kwa maji na kuitikia kwamba ni kweli, watu wengine hata hawajui wanatafuta nini shuleni. Binti mkubwa anakumbuka siku baba yake alipojikaza na kusema huenda huyo bwana ana majukumu mengi, na mama yake akajibu kwamba hata yeye anayo, na bado anamaliza sentensi zake.

Tarehe 8 Juni 2005, akikusanya nguo za kufua, dada alikuta bahasha ya chuo ndani ya koti la mumewe, akaifungua, akaona mwandiko wake mwenyewe wa kijani. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akalia kidogo pia, na kesho yake asubuhi akapanda zile ngazi, akamweleza mkuu wa mitihani kila kitu, akaomba namba 412 apewe msahihishaji mwingine. Tangu siku hiyo hakugusa karatasi ya mumewe, hata alipobembelezwa aangalie ukurasa mmoja tu, kwani alisema hataki aje mtu aseme shahada ya mume wake ilitolewa chumbani. Jamani, huyo msahihishaji mpya alimpa alama za chini zaidi! Mwaka 2007 shemeji akanyoosha mikono, akazirusha karatasi juu ya kabati, na dada, ambaye kubembeleza hakukuwa fani yake, alisema tu kwamba kabla hajafa anataka kuona zimeshuka.

Dada alistaafu tarehe 9 Mei 2018, na mwaka uliofuata shemeji, naye akiwa mstaafu, akazishusha zile karatasi na kujisajili upya, safari hii kwa kompyuta, na dada akawa anakaa chumba cha pili na mlango wazi, akimsikia anavyohema, akimuuliza kama anataka chai, basi, hakuna la zaidi.

Februari 2022 dada aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tasnifu ya shemeji, inayohusu dawa zinazoisha muda zikiwa boharini, iliandikwa kando ya kitanda cha dada. Siku ya kuitetea ilipangwa Jumanne, tarehe 10 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, na siku hiyo dada alikuwa amezidiwa. Shemeji alitaka kuahirisha, dada akamwambia mbele ya muuguzi kwamba akiahirisha, yeye atashuka kitandani akaitetee mwenyewe. Basi shemeji aliitetea koridoni mwa hospitali, kompyuta ikiwa juu ya kigari cha chakula, muuguzi akizuia watu wasipite nyuma yake, na akafaulu, kwa sharti la kufanya masahihisho kumi na moja. Alipompelekea habari, dada alimshika mkono, akatabasamu, akauliza ni masahihisho mangapi, kisha akamwambia aanze na la kwanza.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na mitano, na mumewe alikuwa amefikia la nne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule wa koridoni, majirani waliotupikia wiki nzima, wafanyakazi wenzake wa chuoni, na ninyi wanafunzi wake, mliokuja leo kumwona kwa mara ya kwanza.

Shemeji ameniomba nimsomee maneno yake: Mama watoto, yote kumi na moja nimeyamaliza jana alasiri, nimeyatuma, na sikusaidiwa na mtu. Pumzika kwa amani.