Kuku ya Mama Ngalula pa Mulango ya Lopitali

Bandugu na badada, mwenye iko na pumuzi amusifu Bwana! Tena kwa nguvu, masikio yangu ilizeeka! Mimi ni Papa Symphorien wa Naviundu. Masomo yangu iliishia pa kuandika jina, basi nikipotea njia katikati ya maneno, munirudishe polepole.

Mbele, nilikuwa muntu wa kulala ku lopitali bila muntu. Munajua hapa kwetu: daktari anakupatia dawa, lakini chakula inatoka ku nyumba yako. Muke wangu alishakufa. Batoto beko banatafuta maisha kule Kipushi, na bengine walivuka mupaka. Balinipasua tumbo, kisha siku ya kuanza kula ikafika, hakuna mwenye analeta sahani. Ku kitanda ya karibu banakula bukari, ule ugali yetu, na samaki, harufu inakuja mpaka pa pua yangu. Mimi ninageukia kibambazi, ule ukuta. Ndugu zangu, njaa ya ku lopitali inauma kupita kidonda!

Njo mama mumoja anaingia na sufuria. Mama Ngalula, mama wa Kasai, mukubwa wa mwili na wa sauti. Hakuuliza kabila, hakuuliza kanisa. Aliuliza tu: "Nani hapa hana muntu?" Nikapandisha mukono. Ile uji ya muhindi, mpaka leo niko naisikia mu kinywa!

Kisha kupona nilienda kumupasulia kuni, na sijaacha. Kikundi yake ni bamama ba kanisa. Banapika mu kajiko kadogo nyuma ya lopitali, bukari na sombe ya majani ya muhogo, siku ya Mungu wanatia ndakala, tusamaki tukavu. Wagonjwa wote benye hawana bantu, njo batoto yetu. Kulikuwa mumoja, Muzee Kabwe, mukata kuni sawa mimi, mti ulimuangukia, balimukata muguu. Ndugu yake wote walimutoroka. Yeye alikuwa anangojea mulio ya sufuria yetu sawa mutoto anangojea mama kutoka soko.

Sasa musikilize shida. Siku moja tunakuta karatasi pa mulango ya lopitali. Feza ya kulisha wagonjwa bale imepatikana kwa wafazili, lakini kazi itapewa kwa appel d'offres. Ni kusema, kila kikundi na kila restora, nyumba ya kuuza chakula, inaleta bahasha, inaeleza namna gani itafanya kazi na kwa bei gani, kisha komisyo inachagua mumoja. Mwenye anashinda anashika jiko. Mwenye anashindwa anatoka. Roho ilinishuka mu miguu! Na kesho yake mwenye restora moja akafika kuangalia jiko yetu, na kamionete nyeupe, na wapishi wa kofia murefu sawa ile bomba ya moshi ya kiwanda ya muji yetu. Alipima madirisha. Hakutusalimia.

Mama Ngalula akasema: "Sisi banatujua. Batatuacha?" Tukaandika vile tulizoea kuandikia wafazili: sisi ni bajane, sisi ni masikini, Excellence utuhurumie. Bandugu, ilikuwa barua ya machozi! Balipoisoma nililia mimi mwenyewe, na hakuna kitu nilikuwa sijui ndani.

Mungu akamutuma Clarisse, mutoto wa dada ya Mama Ngalula, mwalimu. Alisoma, akakunja.

"Tantine, mwenye aliandika ile karatasi hatafuti muntu wa kuhurumia. Anatafuta muntu wa kumupikia."

"Hatujamupikia miaka yote hii?"

"Basi tumwambie namna gani. Aliuliza maswali, sisi tumemujibu na kilio. Siku maji ya robinet inakatika, munapika na nini?"

Mama Ngalula akatazama ndoo. Clarisse akaendelea:

"Tantine akigonjwa, nani anashika mwiko?"

"Mimi sigonjwaka!"

"Niandike vile? Mama Ngalula hagonjwaka?"

Tulicheka. Njo kazi ikaanza. Tulienda kwa jirani mwenye iko na kisima, akatia sahihi kama maji ikikatika tutachota kwake. Tulipanga bamama wawili wa kushika nafasi ya Mama Ngalula. Tuliomba bainfirmiere, bauguzi ba lopitali, baseme kwa maandishi vile wagonjwa banakula. Clarisse alikuwa anafuata maswali moja moja, vile ilivyopangwa ku karatasi. Alisema: hapa banauliza usafi, unajibu usafi. Usirukie upendo. Upendo inakuwa ndani ya usafi.

Pa bei tuligombana. Mama Ngalula alitaka chini kabisa, tushinde. Clarisse akamuuliza: "Makala ya kuwasha moto unaiokota mu njia? Na kuni ya Papa Symphorien?"

"Ile ni bure."

"Papa akikufa, mupasuaji mwingine atapasua bure?"

Sikupenda kusikia ile, mimi nikiwa nimekaa pale pale! Lakini ilikuwa kweli. Tukatia makala, kuni, sabuni, mushahara kidogo ya wapishi. Bei ikapanda, na woga ikapanda nayo.

Mu mwisho ya karatasi kulikuwa neno moja kali: hakuna kumupatia muntu yeyote wa komisyo zawadi, ukifanya vile dosye yako, ile bahasha, inatupwa. Clarisse aliisoma kwa sauti. Wote tulikubali kwa kichwa.

Siku ya kupeleka bahasha nafika na Clarisse mbele ya saa, na naona nini? Mama Ngalula amekaa pa mulango ya biro ya mukubwa wa lopitali, kitenge mupya, kitunga mu mapaja. Na kitunga inatikisika. Mwenye restora alikuwa kwenye benchi ya ng'ambo, macho ku kitunga.

Nikainama: "Mama, ndani muko nini?"

"Kuku."

"Mama! Karatasi ilikataza!"

"Karatasi ilikataza rushwa. Hii ni heshima. Mukubwa hamuendeaki mikono mitupu, mulizaliwa wapi?"

Na munielewe, hakuwa na ubaya. Baba yangu, muntu wa reli, alinifundisha vilevile: unaenda kwa chef, unabeba kitu. Wote tuko vile. Nikashika kitunga, yeye akashika. Nikavuta, yeye akavuta. Kuku ikapiga kelele, lopitali muzima ikasikia! Mulango ikafunguka. Mukubwa akasimama pale, na watu wa komisyo nyuma yake.

"Hii kuku ni ya nani?"

Bandugu, uongo ilikuwa tayari pa ulimi yangu. Ni ya soko, ni ya mugonjwa, ni yangu. Niliona jiko ikifungwa, nikaona Muzee Kabwe amegeukia kibambazi sawa mimi zamani. Nikasema ndani ya roho: Bwana, nishike! Na kinywa ikafunguka na kweli.

"Mushe mukubwa, ni ya huyu mama. Alitaka kukupatia. Kwetu ni heshima. Hajakupatia bado, na mimi niko hapa nakataza."

Mama Ngalula akatazama chini. Mwenye restora akasema: "Mumesikia wenyewe!" Mukubwa akatazama kitunga. Kisha akageukia komisyo: "Andikeni: kuku haikupokelewa, na wenyewe balisema mbele ya wote." Akamwambia Mama: "Rudisha nyumbani. Bahasha mupeleke kule, sawa wengine." Clarisse akaipeleka.

Balifungua bahasha mbele yetu. Bei ya restora ilikuwa chini ya yetu. Mama Ngalula akafunga macho. Kisha siku ya kungojea, muchana baada ya muchana, sufuria iko ku moto na hatujui kama kesho itakuwa yetu. Niliomba mpaka magoti ikakataa!

Balituita. Mukubwa akaeleza wazi: mwenye restora hakujibu maji ikikatika atafanya nini, na hakuna kuni wala makala mu bei yake. Sisi tulijibu yote. Na akasema: "Ile neno ya kuku tuliizungumuza sana. Bantu benye banasema kweli mu shida yao, tunaweza kuwaachia bagonjwa." Jiko ni yetu! Sifa kwa Bwana!

Sasa munajua Mama Ngalula. Kontra imetiwa sahihi, anauliza: "Clarisse, sasa naweza kumuletea ile kuku ya aksanti?" Clarisse akapiga kelele kupita kuku! Njo tukaipika. Ikaingia mu sufuria ya benye hawana bantu. Na firigisi, ile yenye kwetu inapewa baba wa nyumba, Mama Ngalula aliiweka ku sahani, akaipeleka mwenyewe kwa Muzee Kabwe. Muzee aliitazama. Akauliza: "Baba wa nyumba ni nani?" Mama akamujibu: "Kula, baba."

Ndugu zangu, wewe mwenye unasikia hapa na umegeukia kibambazi, geuka! Mungu haombi kilio tu. Mujibu yenye anakuuliza, sema kweli hata ikikutetemesha, kisha umuachie Yeye. Na kama hauna muntu, pandisha mukono. Sufuria iko njiani.