Kemboi Hakuteleza

Mchungaji, wazee wetu, mama, na jamaa wote mliopanda mlima huu katika matope haya, poleni sana, mimi ni Kiprugut, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Zakayo Kemboi alizaliwa hapa Keringet mwaka wa 1924, mtoto wa kwanza wa mzee Kosgei na mama Chelagat, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka wa 1938 baba alipofariki, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mwaka wa 1942 aliingia kibarua shamba la mzungu karibu na Sachangwan, akajifunza useremala na kuezeka, na kwa miaka kumi na mitano hakuna ghala wala zizi pande zile ambalo hakupanda paa lake, naye ndiye aliyenifundisha kushika nyundo.

Tarehe 14 Agosti 1948 alimwoa Cheptanui kanisani Molo, wakajaliwa Zeddy, Jepkorir, na Kosgei mdogo, ambaye hajaanza kutembea.

Sasa nafika mahali pagumu, mnivumilie.

Ghala alimoangukia, kule shambani kwa mzungu, lilijengwa la ngano, paa likawekewa vioo katikati ya mabati ili mwanga uingie, lakini mwaka wa 1955 likawa la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, na kwa kuwa mwanga huharibu pareto, niliagizwa mimi kupaka vioo vyote rangi nyekundu, ile ile ya mabati, nikapaka hadi nikasifiwa, nikatia alama za chokaa ukingoni mwa kila kioo ili kijulikane, na mvua ya mwaka huo huo ikazifuta. Tarehe 12 Machi mwaka huu wa 1957, paa likivuja, Kemboi alipanda bila kutandika mbao zake za kukanyagia, maana mawingu yalikuwa yamefunga na nyapara alikuwa akituhimiza, akaniuliza akiwa juu ya ngazi vioo viko wapi, nami nilikuwa nimesahau, jamani, nikaona aibu kusema nimesahau kazi ya mkono wangu mwenyewe, nikamjibu, "Upande huo ni bati tupu, kaka, kanyaga tu." Alipiga hatua tatu.

Kioo kilipasuka, akaanguka futi ishirini hadi kwenye saruji, uti wa mgongo ukavunjika, akalazwa Nakuru siku tisa, na nyapara alipokuja na karatasi kumhoji, alinitazama nilipokaa kando ya kitanda, akasema, "Niliteleza." Akaandika hivyo, kwamba ni uzembe wake, nami nikanyamaza, na tarehe 21 asubuhi akakata roho.

Hata karatasi hii niliyopewa nisome inasema aliteleza, na jana wazee waliamua niishike nyumba yake na kuwalea watoto wake, kwa hiyo, Cheptanui, shemeji yangu, usikie leo kabla hawajanikabidhi, mume wako hakuteleza, aliniamini mimi, na ukinifukuza hapa kaburini nitaondoka.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomgeuza kitandani usiku na mchana, majirani waliobeba jeneza tangu barabara kuu, na wenzake wa kazini waliochimba kaburi mvua ikiwanyeshea.

Pumzika, kaka yangu, tangu utoto wangu wewe ndiye uliyekuwa ukinijibu kila nilipouliza, na siku uliyoniuliza mimi, nilikudanganya.