Mzee Ardo Anastaafu Pamoja na Jumapili Yake

Tarehe 31 Disemba 2025, Mzee Ardo Abdillahi, fundi mkuu wa karakana yetu ya malori hapa Isiolo, atavua ovaroli baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliingia mwaka wa 1991 akiosha vipuri kwa dizeli. Anatoka akiwa mtu ambaye lori likiguna tu langoni, hutaja ugonjwa wake kabla dereva hajateremka. Kamati ya jarida imeniomba niandike haya kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini msomaji asinilaumu uchangamfu ukiisha njiani. Mimi ni Mawira wa stoo ya vipuri, nimekaa naye benchi moja kwa miaka kumi na tisa, na kusema kweli sioni cha kuchangamkia.

Mzee Ardo alizaliwa kwenye ukoo wa wasafirishaji. Babu yake alifika mji huu na jeshi la wakoloni, akabaki, akanunua lori. Tangu hapo nyumba yao haijawahi kukosa mtu mwenye grisi kwenye kucha. Hapa kwetu alipanda ngazi polepole: mwosha vipuri, fundi wa breki, fundi wa injini, kisha fundi mkuu. Ameshusha na kupandisha injini nyingi kuliko anazoweza kukumbuka, na waliopitia mikononi mwake sasa ni mafundi mpaka Marsabit na Moyale.

Jambo lililomtambulisha kuliko yote ni safari ya Kinna. Lori likishatengenezwa, mafundi wengine hulizungusha uani, wakasikiliza, wakampa mwenyewe ufunguo. Mzee Ardo alilipeleka Kinna na kulirudisha, tena likiwa limebeba mzigo wa mawe. Wenye malori walilalamika kwamba wanapoteza siku nzima. Hakubishana nao. Mmoja aliyekuwa na haraka alichukua lori lake bila safari hiyo, na kesho yake likavutwa kurudi kutoka Kulamawe rejeta ikiwa imepasuka. Mzee alilitazama tu, akamwambia mwenyewe kwa upole, "Gari hainaga shida mjini. Shida yake inakaa huko mbele."

Sasa niseme habari ya langalanga, mbio za magari. Wakenya wengi wanajua rali, magari yakirusha vumbi na watu wakishangilia kando ya barabara. Mzee Ardo alipenda yale mengine, yale ya chini karibu na ardhi, yanayozunguka njia moja ya lami mara hamsini na zaidi. Mwaka wa 2006 aliomba runinga iwekwe kwenye chumba cha chai, na tangu mwaka huo Jumapili saa kumi alasiri, siku ya mapumziko, karakana ilikuwa na watu. Tulikuja wenyewe, hakuna aliyetuita. Bi. Habibo wa ofisini alileta chai ya maziwa kwenye chupa mbili na daftari lake la pointi. Achuka, mchomeleaji wetu, alileta domo.

Kanuni ilikuwa moja. Aliyeondoka kabla ya mzunguko wa mwisho hana ruhusa ya kubishana Jumatatu. Achuka aliwahi kulala mzunguko wa ishirini akaamka wa hamsini, kisha akaapa kwamba ameona kila kitu. Mzee alimuuliza aliyeongoza alibadilisha magurudumu mara ngapi. Achuka akajibu mara tisa, na alinyamazishwa mpaka Alhamisi. Wiki hiyo karakana ilikuwa tulivu ajabu, na wateja walituuliza kama kuna msiba.

Mara nyingi mbio zilianza wakati wa swala ya alasiri. Mzee Ardo hakuwa na wasiwasi. Aliswali nyuma ya stoo bila kuharakisha, akaja mzunguko wa tatu au wa nne, akakaa, akauliza nani yuko mbele. Alisema uzuri wa mbio ndefu ni kwamba zinamngoja mtu amalize kuswali. Wakati huo nilidhani anatania.

Kisha zikaja zile mbio fupi za Jumamosi, ambazo vijana wanaziita sprinti. Ni theluthi ya mwendo wa Jumapili. Zinachukua nusu saa, dereva halazimiki kusimama kubadilisha magurudumu, na mshindi anapata pointi nane badala ya ishirini na tano. Zilitugawanya kama uchaguzi wa diwani. Achuka alizipenda mno. "Hapa hakuna kulala, Mzee," alisema. "Watu wanapigana from mwanzo, alafu unaenda kwa shughuli zako." Bi. Habibo alizichukia kwa hesabu: pointi nane ni makombo, dereva mwenye akili hawezi kuhatarisha gari lake la kesho kwa ajili ya makombo, kwa hiyo wanafuatana tu. Wengine walisema zinaharibu utamu, kwani ukishaona Jumamosi nani ana mbio, Jumapili hakuna tena la kungojea. Mimi nilisema zote ni sawa. Hiyo ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mzee Ardo alitoa maoni yake mara moja tu. "Nusu saa hata lori ya mchanga inaeza ongoza," alisema. "Wacha ifike saa ya pili ndio utajua nani alifunga nati."

Mwanzoni mwa mwaka huu meneja wetu mpya, Bi. Sabdio, alitaka lango lisifunguliwe tena siku ya mapumziko. Lakini alikuwa muungwana. Alisema runinga ibaki, lakini tuchague siku moja. Tukitaka Jumapili, atatuachia Jumapili na tufanye kazi Jumamosi mpaka mwisho bila kuigusa runinga. Tukitaka Jumamosi, tutazame saa saba, wakati wa chakula, na Jumapili kila mtu akae kwake. Alimpa Mzee Ardo kazi ya kusimamia kura, na Mzee akaona si adabu msimamizi kupiga kampeni. Wiki nzima alizungumzia breki.

Wafanyakazi ishirini na mmoja tulipiga kura kwenye chumba cha chai, kwa vipande vya kadi za kazi, tukavitumbukiza kwenye boksi la filta ya mafuta. Jumamosi ilipata kura kumi na moja. Jumapili ilipata kumi.

Mimi niliandika Jumamosi. Nilikuwa na shamba dogo kwenye barabara ya Leparua, nilitaka Jumapili yangu, na nilijiambia kura moja haina uzito. Lakini mwaka baada ya mwaka Mzee Ardo amesoma karatasi zangu za stoo kila siku ya kazi. Mwandiko wangu anaujua kuliko mke wangu anavyoujua. Alifungua vipande kimoja kimoja, akasoma kwa sauti, na alipofika changu alikitazama muda mrefu kidogo kuliko vingine. Akasoma, "Jumamosi." Akakikunja, akakiweka chini ya rundo, akaendelea. Hajawahi kunitajia jambo hilo mpaka leo.

Msomaji mwenye kufuatilia langalanga ameshaona ujinga wetu. Jumamosi ya kwanza ya msimu, mwezi Machi, saa saba kamili, tulijaa kwenye chumba cha chai na sahani zetu za githeri na wali. Tukawasha runinga. Kulikuwa na wanaume watatu wenye suti wakizungumza. Tulingoja. Achuka akauliza, "Kwani zimeenda wapi?"

"Ni sita tu," Mzee Ardo akamjibu. "Kwa mwaka mzima."

Sita, kati ya mashindano ishirini na manne. Kalenda yenyewe ilikuwa ukutani nyuma yetu siku tulipopiga kura. Mzee mwenyewe ndiye aliyeibandika, kama anavyofanya kila mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo. Tulichukia mbio fupi na tulipenda mbio fupi mpaka tukazipigia kura, lakini hakuna aliyezihesabu. Hata Bi. Habibo na daftari lake hakufikiri kwamba wengine hawajui.

Na hizo sita tulizopewa, ya China ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Mbili za Marekani zilikuwa usiku, lango limefungwa. Ya Brazili na ya Katari zilikuwa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi sisi tunafunga saa tisa. Ilibaki moja, ya Ubelgiji, mwezi Julai, saa saba mchana. Tulikuja kumi na wawili. Magari yakafuatana nusu saa kama ngamia wanaokwenda kisimani, bendera ikapepea, Achuka akasema, "Ni hivyo tu?" Mzee Ardo alikuwa nyuma ya stoo anaswali adhuhuri. Alipoingia, zilikuwa zimeisha.

Watu waliacha kuja. Kwa kuwa hakuna aliyeona mbio, Jumatatu hakukuwa na cha kubishania, na karakana ikanyamaza, safari hii bila mteja yeyote kuuliza kama kuna msiba. Mzee hana runinga nyumbani kwake Chechelesi, siku zote alisema ya karakana inamtosha. Jumatatu asubuhi alikuwa akipita ofisini kumuuliza Bi. Habibo nani alishinda, kisha anaenda kazini. Mwezi Septemba safari ya Kinna nayo ikafutwa. Sasa lori linajaribiwa mpaka Chechelesi na kurudi, dakika ishirini. Nimeona malori matatu yakivutwa kurudi tangu wakati huo, na Mzee hakusema lolote. Nadhani ndipo nilipokata tamaa, nilipoona hata yeye hasemi.

Mwezi Novemba, kamati ilimuuliza angependa nini kwa kuagwa. Aliomba jambo moja. Jumapili ya mwisho ya msimu, tarehe saba Disemba, lango lifunguliwe, tukae wote mara moja mpaka mzunguko wa mwisho. Bi. Sabdio alikubali papo hapo. Sisi sote ishirini tukaahidi.

Tulikuja wanne, Mzee akiwemo. Bi. Habibo alileta chupa zake mbili za chai, ya pili haikufunguliwa. Achuka alitazama mizunguko kumi na mbili, akapigiwa simu, akatoka akisema anarudi. Mimi niliondoka mzunguko wa arobaini, ikiwa imebaki kumi na minane. Nilikuwa na sababu, na nilipokaa kuandika haya nimejaribu kuikumbuka, siikumbuki. Mzee Ardo alinisogezea mguu ili nipite. Jumatatu alikuja dirishani pangu, akanisalimia kama kawaida, akaomba mkanda wa feni. Sikuwa na ruhusa ya kuuliza nani alishinda, na sikuuliza.

Kwa hiyo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Mzee Ardo kwa injini, kwa breki, kwa mafundi aliowalea na kwa njia ya Kinna. Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi tarehe 27, wakati wa chakula, saa saba hadi saa saba na nusu. Tuliomba muda zaidi tukaambiwa tuchague, ama hotuba ama pilau, na tukapiga kura. Pilau ilishinda, ndiyo maana haya mnayasoma badala ya kuyasikia. Zawadi yetu ni ile runinga ya chumba cha chai. Chumba kitakuwa stoo ya magurudumu kuanzia Januari, na imebidi tuseme ukweli kwamba hakuna mtu mwingine anayeitazama.

Msimu utaanza tena Machi, Mzee, nawe utakuwa Kinna kwa binti yako Naimo. Tunakuombea kwa Mungu afya, wajukuu wasumbufu na Jumapili ndefu, na mtu wa kukaa kando yako mpaka mzunguko wa mwisho. Sisi tulishindwa na mizunguko kumi na minane.