Mzee Grisi, Fundi wa Ekseli Zisizokwama

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Grisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi baiskeli na mama yake mshonaji. Mama alipenda kusimulia kwamba mwanawe, akiwa na miaka minne tu, alitia mafuta bawaba za milango yote ya nyumbani na ya jirani bila kutumwa na mtu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Hesabu zilimkubali, kuimba kulimkataa kabisa. Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ufundi, akatoka mwishoni mwa 1969 na cheti cha mitambo na suruali moja isiyo na doa, aliyoitunza kwa ajili ya usaili.

Januari 1970 aliajiriwa katika karakana ya ushirika wa wakulima. Huko alifanya kosa ambalo hakulificha maisha yake yote. Ekseli ya mbele ya trekta ina vipande viwili vinavyoingia ndani ya bomba, ili magurudumu yatanuliwe au yabanwe kufuata mistari ya mazao. Yeye aliviacha misimu mitatu bila kuvigusa. Palizi ya 1974 ilipofika, kutu ilikuwa imevishika. Akapiga nyundo, akachoma moto, bomba likapasuka. Trekta likalala karakana, na magugu yakamaliza mahindi ya familia kumi na moja. Marehemu alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akaapa jambo hilo halitarudiwa.

Tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alifungua boliti za ekseli za kila trekta, akavuta vipande nje, akavisugua kwa brashi ya waya, akavipaka grisi na kuvirudisha, hata kama hakuna aliyetaka kubadili upana. Madereva walimcheka.

"Mzee, nani kakwambia zimekwama?"

"Hakuna. Na sitaki aje wa kuniambia."

Mwaka 1977 alitumwa kwa mkulima mmoja kukwamua ekseli. Kazi ilichukua siku tatu, na binti wa nyumba ndiye aliyemletea chai. Wiki iliyofuata fundi akarudi "kukagua". Na iliyofuata. Wiki ya saba baba wa binti akamvuta pembeni: "Kijana, hiyo ekseli imeshiba grisi mpaka inateleza yenyewe. Sema kilichokuleta." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1978. Katika picha, kucha za bwana harusi ni nyeusi tii, na mkewe alikataa katakata zifichwe.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Kifo hakukiogopa, alituambia wazi. Aliogopea karakana. Msimamizi mpya alikuwa amesema ule ukaguzi wa kila mwezi ni kupoteza muda, na marehemu akakosa raha, akiiona palizi ya 1974 inarudi. Binti yake kitinda mimba, fundi wa hapo hapo, alibishana na msimamizi hadi akaruhusiwa kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 2025 hali ilikuwa mbaya, tukakusanyika hospitali. Marehemu alimtazama kitinda mimba wake.

"Leo Jumatatu ya ngapi?"

"Ya kwanza, baba."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Akaondoka huku analia na kucheka kwa pamoja. Saa saba mchana alipiga simu, mama yake akaiweka kwenye sikio la mgonjwa.

"Zimesogea?"

"Zimesogea, baba. Zote sita. Kwa mikono, bila nyundo."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akalala, na saa tisa alasiri akatutoka.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja na ushirika mzima. Tunaumia kumkosa, na tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na minne ya vicheko. Mkisikia ngurumo upande wa mashamba msishangae. Matrekta yote sita yanapalilia leo. Mjane ndiye aliyeomba yasisimamishwe kwa ajili ya mazishi.

Mungu ampe pumziko jema.