Verdiana Kokuhirwa na Msitu wa Nyabishozi

1960–2024

Wasifu ulioandikwa na familia na kusomwa na shemeji wa marehemu, Elpidius Mwesiga, nyumbani Kamuli, wilaya ya Kyerwa, Jumamosi tarehe 24 Agosti 2024

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mkae kivulini, tusimulie maisha ya mpendwa wetu. Mkae, maana yeye mwenyewe kukaa kulimshinda. Majirani walikuwa na msemo wao: ukitaka kuzungumza na Verdiana, vaa viatu.

Marehemu Verdiana Kokuhirwa alizaliwa tarehe 9 Februari 1960 huko Chonyonyo, Karagwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Melkiory Byarugaba, mkulima wa kahawa, na mama Kayitesi, ambaye wazazi wake walihamia Karagwe kutoka Rwanda. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakupitia hatua ya kutambaa. Siku moja alishika mgomba, akasimama, akaanza kwenda, na tangu hapo ikawa kazi ya nyumba nzima kumtafuta.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini na kuhitimu darasa la saba mwaka 1975. Hakubahatika kuchaguliwa kuendelea na sekondari. Baba yake akampeleka Bukoba kwa shangazi yake, fundi wa nguo, ajifunze ushonaji. Mkono wa kushona alikuwa nao. Kilichomshinda ni kiti. Baada ya muda shangazi alimtumia mzee Melkiory salamu kwa mtu wa basi: "Mwambie binti yake anashona vizuri, ila kila nikigeuka nakuta cherehani iko peke yake." Mwaka 1979 Verdiana alirudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Mwaka uliofuata alipata kibarua katika kitalu cha miche ya kahawa huko Kanoni. Hapo ndipo miguu yake ilipopata kazi ya kuitosha. Kuchota maji, kuchekecha udongo, kujaza viriba vya kuoteshea, kuhamisha miche juani na kuirudisha kivulini. Pembeni ya kahawa alianza kuotesha mbegu za misambya, miti ya asili ya huku, alizookota mwenyewe, na msimamizi akamwachia kona yake. Kijana mmoja wa Kamuli, Nolasco Mwesiga, alifika na baiskeli kuchukua miche. Akarudi juma lililofuata, akachukua michache. Akarudi tena.

"Wewe kijana," msimamizi akamwambia mara ya nne, "hilo shamba lako halijai?"

"Halijajaa, waitu," Nolasco akajibu kwa heshima, huku akimtazama Verdiana.

Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Septemba 1981. Nolasco alikuwa Mlutheri na amebaki Mlutheri. Verdiana alibaki Mkatoliki. Jumapili kila mmoja alishika njia ya kanisa lake, wakakutana mchana kibanjani, kwenye shamba lao la migomba. Mungu aliwajalia watoto watatu: Gosbert, Evelyn na Adelard.

Nyumba yao ipo chini ya kilima cha Nyabishozi, ambacho mgongo wake wote ni msitu wa kijiji, na miguuni pake, bondeni, kuna chemchemi ambayo vitongoji vyote vya upande huu vinaitegemea. Verdiana alipofika kama bibi harusi, maji yale yalikuwa yakijaza ndoo kabla hujamaliza kusalimiana na uliyemkuta. Miaka ikapita. Watu wakapanda kilimani kukata nguzo, wengine kuchoma mkaa, wengine wakachoma nyasi ili ng'ombe wapate majani mabichi. Bondeni, kando ya chemchemi, wenye maeneo walipanda mikaratusi, kwa sababu mkaratusi unakua upesi na mbao zake zina soko. Nolasco naye alipanda yake mwaka 2004. Ilikuwa akiba ya uzee wao, miti ya kujengea nyumba ya matofali na kubakiza. Kufikia mwaka 2012 akina mama walikuwa wanaacha madumu yao chemchemini asubuhi na kuyafuata mchana.

Verdiana hakuweza kulitazama jambo hilo akiwa amekaa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akamfuata afisa misitu wa wilaya, akamfuata tena, mpaka afisa akawa akimwona langoni anachukua kofia yake mwenyewe. Kamati ya Maliasili ya Kijiji ikaundwa, naye akachaguliwa mwenyekiti. Wakapanga siku za kuokota kuni kavu, wakapanga zamu za kulinda, na kila kiangazi wakawa wanasafisha njia ya moto, ule ukanda wa udongo mtupu unaozunguka msitu na kuukata katikati ili moto ukifika ukose cha kula. Nyuma ya jiko lake alianzisha kitalu cha misambya na mikuyu.

Hayo yote watu waliyapokea. Jambo gumu lilikuja katika mkutano mkuu wa kijiji, Februari 2013. Verdiana alisimama akapendekeza sheria ndogo: mikaratusi yote, kwa vile inanyonya maji, iliyo ndani ya mita sitini kutoka chemchemini ikatwe, na ipandwe miti ya asili. Kila mtu alijua mikaratusi iliyo mingi kuliko yote pale ni ya nani.

Nolasco akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti wa kamati," alisema, "naomba kuuliza. Eneo hilo ni la nani?"

"Ni letu, Baba Gosbert."

"Kama ni letu, tukaongee nyumbani."

"Nyumbani tutaongea ya nyumbani," Verdiana akajibu. "Hapa tunaongea maji ya watu."

Sheria ikapita. Jioni hiyo, na jioni nyingi baadaye, nyumbani hakukuwa na maongezi ya aina yoyote. Nolasco alikula alichopikiwa, akashukuru kwa kupitia mtoto. "Adelard, mwambie mama yako chumvi imezidi." "Adelard, mwulize mama yako jembe liko wapi." Verdiana alilala akigeukageuka. Alimwambia dada yake kwamba kuna siku alitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji afute maneno yake. Alifika mpaka njia panda, akasikia madumu matupu yakigongana mikononi mwa akina mama, akageuza. Kesho yake alitoka tena, akafika palepale, akageuza tena. Hakuwa na hakika. Sisi tuliomwona anatembea haraka tulidhani ana hakika.

Masika yalipokwisha, asubuhi moja alisikia shoka bondeni. Aliteremka mbio akidhani vijana wa kijiji wameanza kukata bila mwenye mali kuwepo. Alimkuta Nolasco peke yake, shati amelitundika, mkaratusi wa kwanza umeshalala.

"Baba Gosbert, umeamua?"

"Sijaamua. Nakata tu. Nikikaa nikaamua, sitakata."

Verdiana alichukua panga akaanza kupogoa matawi. Walifanya kazi hivyo mpaka jua lilipowachoma, na waliporudi nyumbani Nolasco aliomba maji ya kunywa kwa mdomo wake mwenyewe. Adelard akastaafu.

Msidhani maji yalirudi siku ya pili. Mwaka ule hayakurudi. Watu wakaanza kusema, na wengine wako hapa leo, "Miti imekwenda na maji hayakuja." Visiki vya mikaratusi navyo havifi kwa kukatwa, vilichipua upya, vikali kuliko mwanzo, na Verdiana akawa anashuka kila mara kuvikata machipukizi, akitoka hapo anapita kuangalia miche, akitoka kwenye miche anapima maji kwa jicho. Nolasco alikuwa akimkuta amesimama pale, mikono kiunoni, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Ilikuwa vuli ya mwaka 2015, msimu wa senene, ndipo akina mama walipoanza kujaza madumu bila kuyaacha. Si kama zamani. Hata leo si kama zamani. Lakini yanajaa.

Tarehe 5 Agosti 2017 Evelyn aliolewa. Hema lilijaa, mshereheshaji akamwita mama wa bibi harusi aje apokee zawadi yake. Kiti kitupu. Akamwita tena. Verdiana alikuwa ameona moshi juu ya hema, akatoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, gomesi yake ndefu ya sherehe ameipandisha magotini. Alipofika kilimani alimkuta jirani yetu Hagenimana, ambaye shamba lake linapakana na msitu, tayari anaupiga moto kwa matawi mabichi. Waliuzima kwenye njia ya moto pamoja na wageni waliotoka mbio kuwafuata. Alirudi keki ikikatwa, uso una masizi, mkono mmoja wa gomesi umeungua.

"Maawe," Evelyn akasema, machozi yakimlenga, "hata leo?"

"Leo ndiyo kuna upepo, mwanangu."

Evelyn alilia kidogo. Kisha alimshika mama yake mkono kwa upande ule ulioungua, akamwita mpiga picha. Picha iliyo nyuma ya ratiba hii ndiyo hiyo.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi anapopanda. Hospitalini alipimwa, ikaonekana moyo umetanuka. Daktari akamwambia apumzike. "Mpaka lini?" akauliza. Alijitahidi. Alikaa barazani, akasimama, akakaa. Mwaka 2023 aliachia uenyekiti wa kamati, akampendekeza Hagenimana. Baadhi ya watu walinung'unika kwamba wazazi wa Hagenimana walikuja kutoka Burundi kufanya vibarua, iweje awaongoze wenyeji. Verdiana alisimama mkutanoni kwa taabu, ameshika mgongo wa benchi. "Moto haumuulizi mtu babu yake alitoka wapi," alisema. "Mwaka ule wa harusi nani alinitangulia kilimani? Asimame." Hakusimama mtu. Hagenimana akachaguliwa.

Tarehe 12 Agosti mwaka huu hali ilibadilika, akapelekwa Bukoba na kulazwa. Evelyn alikuwa naye. Kila asubuhi marehemu alimpigia simu Nolasco kumwuliza upepo unatoka wapi. Jumatatu tarehe 19 upepo ulikuwa wa magharibi, na moto uliingia Nyabishozi kutoka upande huo. Familia ilikubaliana asiambiwe. Mchana akapiga. Nolasco alipokea akiwa kilimani.

"Baba Gosbert, uko wapi?"

"Niko kibanjani."

"Mbona unahema?"

"Nakata machipukizi ya mikaratusi."

Verdiana akasikiliza. "Mzee wangu," alisema, "machipukizi hayalii hivyo. Moto umeingia upande gani?"

Nolasco alishindwa kuendelea kudanganya. Akamwambia ni magharibi, kwamba wanaufuata moto na unawazidi. Verdiana alisema kwa pumzi za kukatakata, Evelyn akimshikia simu: "Acheni kuufuata. Uacheni hapo uliposhika. Utangulieni kwenye njia ya moto, msafishe, muusubiri." Nolasco alimwambia Hagenimana, na watu wote wakashuka kwenye njia ya moto. Upande wa magharibi uliteketea, pamoja na misambya aliyoipanda kwa mikono yake. Moto ulifika kwenye udongo mtupu jioni ya Jumanne, ukasimama. Msitu uliobaki na chemchemi vikapona.

Jumatano asubuhi Nolasco alikuwa amejiandaa kupanda gari la Bukoba. Nguo safi alishavaa. Akapiga simu kumpa habari njema mwenyewe.

"Moto umezimika, Mama Gosbert. Safari hii sikudanganyi. Nakuja."

"Usije," Verdiana akasema. "Rudi ukaangalie visiki. Moto unalala ndani ya visiki."

"Kuna vijana kule. Nataka kukuona."

"Utaniona. Kaangalie visiki kwanza, waitu."

Nolasco alivua nguo safi, akapanda. Kwenye visiki vya upande wa juu alikuta kimoja kinawaka ndani kwa ndani, na upepo umeshaanza kukipuliza kuelekea msituni. Alikuwa anakifukia kwa udongo, yeye na Hagenimana, Evelyn alipopiga simu mchana wa tarehe 21 Agosti kusema kwamba mama ametutoka. Nolasco alimaliza kufukia. Kisha alikaa chini palepale, na Hagenimana akakaa naye.

Anaomba isemwe mbele yenu kwamba hajui kama alifanya vema kutokwenda. Familia haina la kumjibu zaidi ya hili: alimsikiliza.

Marehemu ameacha mume, Nolasco Mwesiga, watoto watatu, Gosbert, Evelyn na Adelard, wajukuu saba, dada mmoja na kaka mmoja walioko Chonyonyo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mapadre na wachungaji waliokubali kusimama pamoja leo, na wote mliobeba matawi na majembe siku mbili zile.

Tangazo moja kabla ya maziko. Kundi lenye zamu leo mnaombwa mwondoke mara tu jeneza litakapoteremshwa. Msisubiri mashada wala chakula. Chakula chenu kimetengwa. Upande wa magharibi bado unafuka, na upepo, mnausikia. Mwenyekiti Hagenimana atawaongoza. Nolasco amesema atawafuata akishatupa udongo wake.

Mungu aliyempa Verdiana miguu isiyotulia, ampe sasa kutulia. Sisi tunapanda.