Mchi wa Sikuzani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama uko shambani unapalilia ufuta, pumzisha jembe kidogo. Kama uko dukani, ongeza sauti, na mteja naye asikie. Leo tunamkumbuka Sikuzani Abubakary, mpiga picha wa Nachingwea mjini, mzaliwa wa Kiegei. Presha ilimwangusha wiki iliyopita, akafariki, akazikwa kwao Kiegei. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha: tunamkumbuka Sikuzani, yule mama wa mchi.

Wengi mlimjua kwa huo mchi. Haukuwa wa kutwangia. Ilikuwa lenzi ya kamera, lenzi ya zamani, ndefu kama mchi, ya chuma, ya kuvuta vitu vya mbali. Aliachiwa na Mwalimu Dunstan, mtu wa Bukoba aliyefundisha hapa miaka mingi na ambaye alikuwa akipigia picha ndege. Siku ya kustaafu alimwambia Sikuzani, "Chukua wewe. Wengine hawataivumilia."

Na kweli ilihitaji uvumilivu. Haikujirekebisha yenyewe kama za siku hizi. Unazungusha pete kwa mkono, taratibu, mpaka sura itulie. Ukipitiliza kidogo tu, mtu anageuka moshi. Kwenye kamera mpya haikukaa, mpaka fundi akamchongea kipande cha kuunganishia kutoka kwenye sufuria lililotoboka. Masika iliota ukungu ndani, basi akawa anaifungia kwenye ndoo pamoja na mchele mkavu. Mumewe, Rashidy, alinisimulia huku akicheka na machozi yakimtoka: "Mchele wa lenzi ulikuwa haupikwi. Hata kama ndani hamna kitu, ule haupikwi."

Watu nao hawakukosa la kusema. Simu zimejaa mjini, studio imekauka, yeye anabembeleza chuma! Sikuzani alishona kimto, akakijaza ufuta, akawa anaulaza mchi juu yake ili usitikisike.

Wasikilizaji wapendwa, haya yote yalianza baba yake alipofariki. Mnajua taratibu zetu. Wanaume wanabeba jeneza, wanakwenda kuzika. Wanawake wanabaki nyumbani. Sikuzani alibaki. Baadaye alikuwa akimwambia mumewe maneno yaleyale: "Nilimwona baba akitoka mlangoni. Kisha nikaona tuta la udongo. Hapo katikati sina kitu."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana wako waliompakazia. Sikuzani hakutaka kuingia makaburini. Hakutaka kugombana na dini yake. Alitaka jambo moja tu: mama anayebaki nyumbani aone mwanawe alivyositiriwa. Jambo moja tu.

Alianzia Malolo, kule Ruangwa. Bi Yasmini, jamaa yake wa mbali, alifiwa na mwanawe wa kwanza kwa ajali ya pikipiki. Sikuzani akapiga moyo konde, akawaomba wazee. Wakamruhusu kwa masharti: asisogee, na asipige mpaka marehemu awe ameshafunikwa kwa udongo. Akakubali. Akaketi barazani katikati ya wanawake wenzake, akaweka kimto juu ya ukuta, na mchi juu ya kimto. Makaburi yako ng'ambo ya mikorosho. Kwa macho matupu unaona weupe wa kanzu, basi. Joto lilikuwa linatetemesha kila kitu kwenye kioo. Akasubiri, akazungusha pete, akapiga. Halafu akamgeuzia mama mtu kamera, aione picha.

Bi Yasmini ameniambia mwenyewe: "Nilikuwa nimeambiwa ndugu wa baba yake hawakuja, wamemsusia mwanangu. Sasa nawaona hawa hapa! Wameshika majembe, jasho linawatoka. Ndipo nikaweza kumeza uji."

Tangu siku hiyo Bi Yasmini akawa mwenzake. Walikuwa wakiitwa msibani, mmoja anabeba mchi, mwingine anabeba kimto. Nanganga waliwaita. Ruangwa mjini wakawaita. Mahali pamoja tu palikataa, napo ni Kiegei, kwao Sikuzani mwenyewe.

Aliyekataa ni baba yake mdogo, Mzee Abdala, mzee wa msikiti. "Kaburi si harusi, Sikuzani," alimwambia.

"Sawa, baba mdogo. Nitakuja tena."

Na alikuja. Kila Idi akienda kuwasalimia, anamaliza salamu, anauliza. Anakataliwa. Anakunywa chai yake, anaaga vizuri, anaondoka. Safari moja mzee alishindwa kuvumilia, akamuuliza, "Hivi wewe mtoto huchoki?"

"Nachoka, baba mdogo. Nitakuja tena."

Kichwa ngumu, jamani! Mimi nilimpenda kwa hilo, siwafichi. Lakini presha haikungoja Idi nyingine. Sikuzani alifariki kabla Kiegei haijamkubalia.

Mama yake yupo hai. Anaitwa Bi Samia, ni mtu mzima sana. Siku ya maziko alikaa mkekani, akamwona binti yake akitoka mlangoni. Kisha hakuona kitu. Bi Yasmini alikuwa ametoka Malolo na kimto chake. Akaifungua ile ndoo ya mchele, iliyoletwa pamoja na mizigo kutoka mjini, akautoa mchi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akauweka ukutani na kuanza kuzungusha pete. Alichokiona ni migongo. Wanaume walikuwa wamelizunguka kaburi, wamebanana, migongo tu.

Kilichotokea makaburini nimeelezwa na Rashidy, aliyekuwa kaburini. Shuka lililotandwa juu ya kaburi lilikwisha kuondolewa, wanafukia. Mzee Abdala akainua uso, akaona kioo kinametameta kule barazani.

"Nini kile?"

"Mchi wa Sikuzani, mzee," Rashidy akamjibu.

Watu wakajua sasa atafoka. Mzee akajipangusa uso kwa kanzu.

"Alisema atakuja tena," akasema. "Basi amekuja. Pisheni upande huu. Mama yake anaangalia."

Wanaume wakapisha. Bi Yasmini akapiga.

Picha ile nimeiona. Haikutulia sana, pembeni ina ukungu. Lakini katikati yuko Mzee Abdala, amepiga magoti, anasawazisha udongo kwa mikono yake. Bi Samia aliitazama muda mrefu. Kiswahili chake ni kidogo, akasema kwa kifupi: "Shemeji amemlaza vizuri mwanangu. Nimeona."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Samia, kwa Rashidy, kwa Mzee Abdala na Bi Yasmini, na kwa wote walioguswa Kiegei na Malolo, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Sikuzani Abubakary, alifanye kaburi lake liwe na nafasi na nuru. Amina.

Nasi tuliobaki tuna la kutafakari. Wewe mwanaume mwenzangu, siku utakaposimama kaburini na jembe mkononi, geuka kidogo utazame kule ulikotoka. Kuna mama anaangalia. Mpishe.