Mwalimu Ritha Bujiku na Nchi ya Chini ya Mwamba

Leo, tarehe 10 Februari 2025, hapa Ushirombo, anazikwa Mwalimu Ritha Bujiku Maige. Miongoni mwa waliokuja kumsindikiza wapo waliosoma vitabu vyake mpaka majalada yakachanika, na wapo waliowakataza watoto wao kuvigusa. Familia inawapokea wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji cha Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Bujiku Maige, mkulima na mfugaji, na mkewe Mama Mbuke. Nyumbani walizungumza Kisukuma; Kiswahili alikikuta darasani na kikamnasa. Siku moja, akiwa na miaka kumi, alikuwa machungani akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Ng'ombe wakaingia kwenye viazi vya jirani, wakala matuta manne. Baba yake alipomuuliza alikuwa wapi, alijibu, "Nilikuwepo baba, ila ilibaki mistari miwili." Mzee Bujiku alishika fimbo, kisha akaiweka chini akicheka. Tangu hapo kazi ya kuchunga akapewa Ndaki, mdogo wake aliyemfuata.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga. Tarehe 11 Novemba 2000, akiwa kidato cha tano, zilimfikia habari kwamba Ndaki ameingia duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, na wachimbaji wenzake wawili, na duara limetitia. Wenzake walitolewa kesho yake, mmoja akiwa hai. Ndaki hakuonekana. Walichimba siku tisa, mwishowe wakasema ardhi imekataa. Matanga yakawekwa bila kaburi. Ndipo Mama Mbuke akamgeukia Ritha. "Wewe ndiye unayesoma," alisema. "Niambie mwenzako yuko wapi."

Alihitimu stashahada ya ualimu mwaka 2004, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Rwamgasa. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wachimbaji. Tarehe 18 Julai 2009 alifunga ndoa takatifu na Bwana Paschal Charles, fundi seremala wa Ushirombo, wakajaliwa watoto wawili, Anisia na Edson. Mwaka 2014 alihamia shule ya jirani na nyumbani kwa mumewe, na hapo ndipo alipoanza kuandika.

Aliandika hadithi ya Kabula, msichana anayeshuka kwenye duara lililotitia kumtafuta kaka yake, akafika nchi ya chini ya mwamba ambako wachimbaji waliofukiwa wanasubiri. Mlinzi wao ni malaika mwenye taa, ambaye mara nyingine hajui Mungu anakusudia nini. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2015, cha pili 2017 na cha tatu 2020. Vijana walivipokezana darasani, kanisani, hata kwenye makarasha ya kusagia mawe. Lakini kitabu cha pili kilipotoka, wazazi waliitisha kikao shuleni. Katekista Silvesta, mtu mpole asiyependa ugomvi, alisimama kwanza.

"Mwalimu, mtoto ninayemwandaa kwa Komunyo ya Kwanza ananiuliza kama malaika anaweza kukosea. Nimjibu nini?"

"Mwambie hujui, baba."

"Mimi ni katekista. Nikisema sijui, nani atasema anajua?"

Mzee mmoja mfugaji naye alilalamika kwamba kitabuni wahenga wamefanywa wasubiri mlangoni mwa ile nchi ya chini kama watu wasio na kwao. Wengine walitaka vitabu vichomwe moto. Ndipo akasimama Mama Athanas, mjane. "Mwanangu hakusema neno tangu baba yake afukiwe," alisema. "Alisoma hiki kitabu siku tatu, ya nne akaniomba ugali. Mkikichoma, mchome na mimi." Kikao hakikuchoma kitu. Kiliamua vitabu viondolewe maktabani, na vikaondolewa. Ritha hakupinga. Mumewe alipomuuliza mbona amenyamaza, alisema Silvesta aliuliza swali la haki, na yeye hakuwa na jibu.

Kilichomuumiza kuliko kikao ni barua iliyokuja mwaka 2021. Aliyeiandika ni Athanas yuleyule, mwana wa yule mjane, wakati huo akiwa kijana wa miaka ishirini, mchimbaji huko Rwamgasa. Aliandika: "Mwalimu, nilikuamini. Nimeshuka futi mia na ishirini kila siku kwa miaka miwili. Huku hakuna taa wala anayesubiri. Ulitudanganya tukiwa watoto." Ritha alianza kumjibu mara tatu, na mara zote tatu akachana karatasi. Mwaka uliofuata Athanas aliondoka Rwamgasa, na hakuna aliyejua alikoelekea.

Mwezi Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa hospitali ya Kolandoto, kisha Mwanza, na madaktari walifanya yote yaliyowezekana. Katekista Silvesta alikuja kumwombea kila Ijumaa. Siku moja alimwambia waziwazi kwamba bado hawezi kuruhusu vile vitabu kwenye mafundisho. Ritha akasema, "Sawa, baba. Endelea na sala." Alikuwa anaandika kitabu cha nne, ambamo Kabula angemtoa kaka yake. Wasomaji walimpigia simu hadi wodini wakitaka kujua kama yule kaka anatoka. Mwezi Januari mwaka huu alimkabidhi mdogo wake Juliana daftari na kumwambia aache kuichaji ile simu.

"Nimemwandikia milango saba," alisema. "Kila ninaoufungua, Ndaki hatoki."

Juliana alimkumbusha kwamba kwenye hadithi yule kaka haitwi Ndaki. Ritha alimtazama, akageukia ukutani. Hakuandika tena. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, ndugu watatu, na mama yake mzazi, Mama Mbuke, mwenye miaka sabini na minne, ambaye leo ndiyo mara ya kwanza anamzika mtoto wake akaona udongo ukishuka. Daftari la kitabu cha nne lina kurasa arobaini na moja, na linakomea katikati ya sentensi. Familia imekubaliana asitafutwe mtu wa kulimalizia. Wanaouliza mwisho wake wasituulize tena, kwa kuwa hatunao.

Ritha, mwana wa Bujiku, kalamu umeiweka chini. Mungu akupe pumziko lenye amani.